Namna ya Kuandaa Mazungumzo ya Barazani kuhusu Umaarufu wa Hidetoshi Nakata

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya vijana wa Unguja na Pemba, viongozi wa timu za mitaani na walimu wa michezo wa skuli, wanaotaka kuandaa mazungumzo ya usiku mmoja kuhusu mchezaji aliyestaafu na kueleza kwa nini watu walimpenda. Mchezaji niliyemchagua ni Hidetoshi Nakata wa Japan, kiungo aliyezaliwa Kofu, katika jimbo la Yamanashi, tarehe 22 Januari 1977, akaanza mpira wa kulipwa mwaka 1995 na kutundika daluga mwaka 2006 akiwa na umri wa miaka 29 tu. Nimemchagua kwa sababu umaarufu wake haueleweki kwa kuhesabu magoli. Kwa mshambuliaji hodari mtayarishaji anaweza kutaja idadi ya magoli akakaa kitako, lakini kwa Nakata atalazimika kueleza watu waliona kitu gani hasa, na kazi hiyo ndiyo inayomfundisha kijana kuzungumza juu ya mpira kwa ushahidi.

Barza zetu hazina upungufu wa ubishi wa mpira. Baada ya sala ya Isha, kuanzia Mkoani hadi Wete na kuanzia Mji Mkongwe hadi Ng'ambo, utawakuta watu wakigombana juu ya nani alikuwa bora, na mara nyingi anayeshinda ni mwenye sauti kubwa. Mazungumzo haya hayakusudii kuuzima ubishi huo. Yanakusudia kumpa kila anayebisha kitu cha kushika mkononi.

Swali kwanza, sifa baadaye

Kabla hujatafuta picha wala video, andika swali moja kwenye daftari, kisha kila utakachokikusanya kipime kwa swali hilo. Kwa Nakata swali linalofaa ni hili: mchezaji aliyefunga magoli 11 katika mechi 77 za timu ya taifa, na ambaye katika klabu kubwa kuliko zote alizochezea alikaa sana kwenye benchi la akiba, aliwezaje kuwa miongoni mwa Waasia waliojulikana zaidi katika soka la zama zake? Swali lililoandikwa hivi linautaja udhaifu wa hoja yako kabla mtu mwingine hajautaja. Ukianza kwa kusema kwamba Nakata alikuwa gwiji, nyota na fahari ya Asia, mzee mmoja pale barzani atakuuliza alifunga mangapi, na ukimjibu, mazungumzo yatakuwa yameshakutoka mikononi.

Baada ya swali, tenganisha ubora na umaarufu, kwa sababu watu wengi huvichanganya na kuvifanya kitu kimoja. Ubora huonekana ndani ya uwanja. Umaarufu huonekana katika vitendo vya watu walio nje ya uwanja: nani alisafiri, nani alinunua jezi, nani alikesha mbele ya televisheni, gazeti gani lilimtuma mwandishi akae mji wa mbali kwa sababu ya mtu mmoja. Jilazimishe kuandika vitendo, wala usiandike sifa. Badala ya kusema "alipendwa sana Italia", eleza kwamba alipojiunga na Perugia mwaka 1998, mji mdogo wa katikati ya Italia ulianza kupokea watalii na waandishi wa habari wa Kijapani waliokwenda kumtazama yeye, na kwamba jezi yake iliuzwa mpaka Japan. Msikilizaji wa Zanzibar anajua vizuri utalii unavyoweza kuubadili mji, kwa hiyo kitendo hicho kimoja kitamweleza zaidi kuliko sifa kumi.

Tuzo pia ni ushahidi, lakini ni ushahidi wa wataalamu, hivyo zipe nafasi ndogo. Alichaguliwa Mchezaji Bora wa Asia mwaka 1997 na tena 1998, aliingia katika orodha ya wagombea wa Ballon d'Or, tuzo ya mchezaji bora wa mwaka, mwaka 1998, 1999 na 2001, na mwaka 2004 alikuwa Mjapani pekee katika orodha ya wachezaji bora walio hai iliyotolewa na Pelé kwa ajili ya maadhimisho ya FIFA. Zitaje kwa nusu dakika, kisha songa mbele.

Mikwaju miwili iliyotemwa na makipa

Hapa ndipo pa kutumia muda wako mwingi, kwa sababu hapa ndipo lilipo jibu la swali lako. Tafuta video za mechi mbili: Japan na Iran ya tarehe 16 Novemba 1997, iliyochezwa Johor Bahru nchini Malaysia, na Juventus na Roma ya tarehe 6 Mei 2001, iliyochezwa Turin. Katika mechi zote mbili goli lililokumbukwa zaidi liliandikwa kwa jina la mtu mwingine, na katika zote mbili goli hilo lilitokana na mkwaju wa Nakata ambao kipa aliutema.

Kwanza waeleze wasikilizaji kilichokuwa kimepotea. Mwezi Oktoba 1993, mjini Doha, Japan ilikuwa imebakiza sekunde chache kuingia Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza katika historia yake, Iraq ikasawazisha na kufanya matokeo yawe 2–2, na Japan ikabaki nyumbani. Ligi ya kulipwa ya nchi hiyo ilikuwa imeanza mwezi Mei mwaka huohuo, viwanja vilikuwa vimejaa, na taifa zima lilikuwa limejiandaa kwa sherehe. Asiyelijua jeraha hilo ataiona mechi ya Johor Bahru kama mechi nyingine yoyote ya mchujo.

Sasa onyesha mechi yenyewe. Nakata alikuwa na miaka 20. Pasi yake ndiyo iliyomfikia Masashi Nakayama akafunga goli la kwanza. Iran ikarudisha kupitia Khodadad Azizi na kuongoza kupitia Ali Daei, kisha krosi ya Nakata ikamkuta Shoji Jo, ambaye aliupiga mpira kwa kichwa na kusawazisha. Mechi ikaingia muda wa nyongeza chini ya kanuni ya goli la dhahabu, ambayo ilimaliza mchezo mara tu timu moja ilipofunga, na ni vyema uieleze kanuni hiyo kwa vijana wa leo ambao hawakuikuta. Katika dakika ya 118 Nakata aliuchukua mpira katikati, akasogea nao na kupiga kutoka nje ya eneo la hatari. Kipa Ahmad Reza Abedzadeh akautema, na Masayuki Okano, aliyeingia kutoka benchi na kukosa nafasi za wazi kabla ya hapo, akauteleza wavuni. Japan 3, Iran 2, na safari ya Ufaransa ikathibitika. Simamisha video pale mkwaju unapotoka mguuni mwa Nakata, kabla ya goli, na waulize watu nani amefunga. Wote watasema Okano. Waulize tena nani ametengeneza magoli yote matatu, na uwape nafasi wajadiliane.

Mechi ya Turin inahitaji maelezo ya aina nyingine. Nakata alihamia Roma mwezi Januari 2000, na huko nafasi aliyoipenda ilikuwa ya Francesco Totti, mwenyeji, nahodha na kipenzi cha mji. Zaidi ya hapo, kanuni za Italia zilikuwa zinaweka kikomo kwa idadi ya wachezaji wasiotoka nchi za Umoja wa Ulaya wanaoweza kutumika katika mechi moja, na Roma ilikuwa na wageni wengi. Kikomo hicho kiliondolewa siku chache tu kabla ya mechi ya Turin. Juventus, iliyokuwa ikiifukuza Roma kileleni, iliongoza 2–0 ndani ya dakika za mwanzo kwa magoli ya Alessandro Del Piero na Zinedine Zidane. Kipindi cha pili kocha Fabio Capello alimtoa Totti na kumwingiza Nakata, uamuzi ambao Mrumi yeyote wakati ule angeuona kuwa ni wa hatari. Dakika ya 79 Nakata aliunyakua mpira katikati ya uwanja, akasogea hatua chache na kuachia mkwaju wa mbali uliokwenda juu kwenye pembe ya goli. Mwishoni kabisa alipiga tena, Edwin van der Sar akautema, na Vincenzo Montella akasawazisha.

Baada ya video hiyo, chukua chaki au kalamu nzito na ufanye hesabu mbele ya watu. Roma ilimaliza msimu ikiwa bingwa kwa pointi 75, na Juventus ikawa ya pili kwa pointi 73. Iondoe sare ya Turin na weka ushindi wa Juventus: Roma inabaki na 74, Juventus inapanda mpaka 75. Ikiwa matokeo mengine yote yangebaki vilevile, ubingwa ungekwenda Turin. Hesabu hii ni ya mstari mmoja, mtoto wa darasa la nne anaweza kuifanya, na hakuna maneno ya sifa yanayoweza kufanya kazi yake. Inaonyesha pia kwa nini mtu aliyecheza kama mchezaji wa akiba amebaki katika kumbukumbu za mashabiki wa Roma.

Usiache kutaja mechi ya tatu, hata kama hutaionyesha. Tarehe 13 Septemba 1998, katika mchezo wake wa kwanza wa ligi ya Italia, Nakata aliifungia Perugia magoli mawili dhidi ya Juventus, ambao walikuwa mabingwa watetezi. Perugia ilifungwa 4–3, lakini kuanzia jioni hiyo Waitaliano waliokuwa wakinong'ona kwamba Mjapani huyo amenunuliwa ili kuuza jezi walilazimika kutafuta maneno mengine. Alimaliza msimu huo akiwa na magoli 10 ya ligi, idadi ambayo kwa kiungo wa timu ndogo ni kubwa.

Watenganishe waliompenda

Umaarufu hauwi wa aina moja kila mahali, na mtayarishaji anayesema "dunia nzima ilimpenda" huwa hajaeleza chochote. Igawe karatasi yako katika sehemu mbili, Japan na Italia, na uache ya tatu wazi kwa ajili ya visiwa vyetu.

Japan walimpenda kama kielelezo cha kizazi. Alikwenda Kombe la Dunia la 1998 akiwa na nywele zilizopakwa rangi, katika nchi ambayo kijana alitarajiwa kujificha ndani ya kundi. Aliwakwepa waandishi wa habari, na mwaka huohuo akafungua tovuti yake mwenyewe ili aseme na mashabiki moja kwa moja, jambo ambalo leo kila mchezaji analifanya kwa simu yake lakini wakati ule lilikuwa geni. Kunyamaza kwake mbele ya magazeti kuliongeza hamu ya watu badala ya kuipunguza. Taja pia kisa cha mwezi Juni 2001: Japan ilikuwa mwenyeji wa Kombe la Mabara, Nakata akafunga kwa mpira wa adhabu katika nusu fainali dhidi ya Australia huku mvua ikimwagika, ushindi ukawa 1–0, kisha akaondoka kabla ya fainali na kurudi Roma kumalizia mbio za ubingwa. Waulize wasikilizaji wako wangemsema vipi mchezaji wa Zanzibar Heroes, timu yetu ya taifa, ambaye angeondoka kabla ya fainali ya CECAFA, kombe la nchi za Afrika Mashariki na Kati, kwa sababu ya klabu yake. Nina hakika hapo mazungumzo yatachangamka, na watu wataelewa kwamba umaarufu na lawama vinaweza kukaa kwa mtu mmoja.

Italia walimpenda kwa sababu nyingine. Alijifunza Kiitaliano na kukitumia mbele ya vyombo vya habari, alicheza katika klabu tano za nchi hiyo, ambazo ni Perugia, Roma, Parma, Bologna na Fiorentina, na hakuomba ahurumiwe kwa ugeni wake. Katika Parma, iliyomsajili mwaka 2001 kwa fedha nyingi mno, alishinda Kombe la Italia la msimu wa 2001–02, na goli alilofunga Turin dhidi ya Juventus katika mechi ya kwanza kati ya mbili za fainali, ambayo Parma ilipoteza 2–1, ndilo lililoipa timu hiyo kombe: Parma ilishinda 1–0 nyumbani, jumla ikawa 2–2, na kanuni ya wakati ule ilimpa ushindi mwenye magoli mengi zaidi ya ugenini. Mpe msikilizaji jambo moja la kumvuta karibu: nahodha wake pale Parma alikuwa Fabio Cannavaro, beki ambaye jina lake limevaliwa hapa kwetu na Nadir Haroub, mtoto wa Zanzibar aliyekuja kuwa nahodha wa Yanga na wa Taifa Stars. Jina hilo la utani ni ushahidi kwamba ligi ya Italia ya miaka ile ilitazamwa na kupendwa katika visiwa hivi, na kila aliyemtazama Cannavaro katika jezi ya Parma msimu ule alimwona na Nakata.

Kuwauliza waliotazama

Sehemu ya tatu ya karatasi haijazwi kwa kusoma. Inajazwa kwa kuwauliza watu wazima wa mtaa wenu waliotazama Kombe la Dunia la 2002, lililochezwa Japan na Korea Kusini. Nenda kwao mmoja mmoja, si wote kwa pamoja, kwa sababu wakikaa pamoja mmoja husema na wengine huitikia. Mwamkie mzee, mwulize hali, mweleze kazi unayoifanya, na umwombe ruhusa ya kuandika anayoyasema.

Namna ya kuuliza ndiyo inayoamua utapata nini. Usiseme, "Mzee wangu, unamkumbuka Nakata?" Kwa heshima au kwa ukarimu atakujibu kwamba anamkumbuka, na hutajua kama ni kweli. Sema badala yake, "Mzee wangu, katika Kombe la Dunia lile la Japan na Korea, wachezaji gani hukuwasahau?" kisha unyamaze. Ikiwa jina la Nakata litakuja lenyewe, andika limekuja la ngapi na pamoja na majina gani. Ikiwa halikuja, andika hivyo pia, kwa sababu ukweli kwamba mchezaji fulani hakukumbukwa katika mtaa wenu ni habari halali ya mazungumzo yako na haipaswi kufichwa.

Ili kumsaidia mtu kukumbuka, mrudishe kwenye saa na siku. Japan imetangulia mbele yetu kwa saa sita kamili, na kwa kuwa saa za Kiswahili nazo zinatofautiana kwa saa sita na zile zinazoandikwa na watangazaji, mechi iliyoanza Osaka alasiri, saa ya ukutani ya huko ikionyesha 3:30, ilianza hapa saa 3:30 asubuhi kwa Kiswahili. Kwa ufupi, saa ya Kijapani ya alasiri na usiku husomeka sawasawa na saa yetu ya Kiswahili ya asubuhi na mchana. Mechi ya Japan na Tunisia tarehe 14 Juni 2002 ilianza saa hiyo ya tatu na nusu, siku ya Ijumaa, kwa hiyo ilikwisha mapema kabla ya watu kujiandaa kwa sala ya Ijumaa. Nakata alifunga goli la pili kwa kichwa katika dakika ya 75, na Tunisia ikatolewa kwa 2–0. Ukimtajia mzee kwamba ilikuwa Ijumaa asubuhi na kwamba Tunisia ndiyo iliyofungwa, utamfungulia mlango wa kumbukumbu ambao jina la mchezaji peke yake lisingeufungua, maana wengi wa watazamaji wetu siku ile walikuwa na sababu ya kuishangilia Tunisia, nchi ya Kiafrika na ya Kiislamu. Muulize basi alijisikiaje goli lile lilipoingia. Mchezaji aliyekuumiza hukumbukwa kwa muda mrefu kama aliyekufurahisha.

Mambo ya kuhakiki

Hakikisha unazungumza juu ya Nakata mmoja. Katika timu ya Japan ya 2002 na ya 2006 alikuwapo pia Koji Nakata, na ukitafuta kwa jina la ukoo tu utachanganya picha zao. Hidetoshi alivaa namba 8 katika Kombe la Dunia la 1998 na namba 7 katika mawili yaliyofuata. Usimchanganye pia na Shunsuke Nakamura, aliyekwenda Italia baadaye kuchezea Reggina na kisha kupata jina kubwa Celtic.

Neno la kuogopa kuliko yote ni "wa kwanza". Nakata hakuwa Mjapani wa kwanza kucheza Ulaya, kwa sababu Yasuhiko Okudera alijiunga na 1. FC Köln ya Ujerumani mwaka 1977. Hakuwa wa kwanza kucheza ligi kuu ya Italia, kwa sababu Kazuyoshi Miura alikuwa Genoa msimu wa 1994–95. Alikuwa wa kwanza kutwaa ubingwa wa ligi hiyo, na hilo linatosha kusemwa. Kila unapoandika "wa kwanza", ongeza "kufanya nini, wapi na lini", na kama huwezi kuyajaza matatu hayo, lifute neno hilo.

Namna alivyoacha, na maisha ya baadaye

Umaarufu wa mchezaji hupimwa pia kwa namna alivyoondoka. Tarehe 22 Juni 2006, mjini Dortmund, Japan ilifungwa na Brazil 4–1 na kuaga Kombe la Dunia. Mechi ilipokwisha, Nakata alilala chali katikati ya uwanja kwa dakika kadhaa, akiwa amejifunika uso, wenzake wakiwa wameshaelekea vyumbani. Tarehe 3 Julai alitangaza katika tovuti yake kwamba ameacha mpira wa kulipwa. Hakuna aliyemwona akizeeka uwanjani, akipungua kasi au akizomewa na mashabiki wake, na kwa maoni yangu hiyo ni sababu kubwa ya jina lake kubaki safi. Sababu hii ielezwe kama maoni, na wasikilizaji waachiwe kuipinga.

Baada ya hapo alisafiri nchi nyingi, kisha kuanzia mwaka 2009 akaizunguka Japan yenyewe, majimbo yote 47, akiwatembelea mafundi wa kazi za mikono, wakulima na watengenezaji wa sake, ambayo ni pombe ya mchele ya nchi hiyo. Mwaka 2015 alianzisha kampuni ya kuitangaza na kuisambaza sake. Vijana wengi wanaoandaa mazungumzo haya katika mitaa yetu watajiuliza waifanyeje habari hiyo mbele ya watoto na wazee. Ushauri wangu ni kuisema kwa sentensi moja ya kweli, bila kuificha na bila kuipamba, kwa kuwa anayeificha atakutwa na kijana mwenye simu, na anayeipamba atakuwa amewakosea heshima walioketi mbele yake. Kisha elekeza mazungumzo kwa mafundi. Mtu mwenye fedha na jina aliyekwenda kukaa chini na wafinyanzi na wasusi wa nchi yake ili ajifunze kazi yao ni habari itakayoeleweka vizuri na mtu ambaye mama yake husuka mikeka ya ukili au ambaye babu yake alichonga milango.

Usiku wenyewe

Mweleze sheha mapema ikiwa mtakaa mahali pa wazi na kutumia kipaza sauti. Anzeni baada ya Isha, na mazungumzo yasizidi dakika arubaini: kumi za utangulizi na swali, ishirini za mikwaju miwili na hesabu ya pointi, kumi za mambo mengine. Maswali yaachiwe muda wake bila kikomo. Pakua video kwenye simu au kompyuta siku moja kabla, usitegemee bando wala mtandao wa usiku ule, na chaji kila kitu mchana ili umeme ukikatika muendelee. Kata kila video isizidi dakika mbili. Zima sauti ya mtangazaji na usimulie mwenyewe kwa Kiswahili, kwa sababu sauti ya kigeni huwafanya watu wasubiri kelele ya goli, na wewe unataka watazame kilichotokea kabla ya goli.

Usisome karatasi. Andika majina, tarehe na matokeo kwenye kipande kidogo cha kadi, na mengine yote yaseme kwa maneno yako. Majina ya Kijapani hayatakusumbua, kwani husomwa kama yalivyoandikwa, silabi kwa silabi.

Jiandae kwa maswali ambayo lazima yatakuja. Watakuuliza kama alikuwa bora kuliko Totti. Jibu kwamba Totti alikaa Roma maisha yake yote ya mpira na Nakata mwaka mmoja na nusu, na kwamba swali lako lilihusu umaarufu. Watakuuliza kwa nini hakucheza Uingereza. Jibu kwamba alicheza, Bolton, msimu wa 2005–06, ambao ndio uliokuwa wa mwisho wake. Kijana mmoja atauliza kwa nini tusizungumze juu ya wachezaji wetu. Jibu lake liwe tayari mkononi: daftari tupu lenye jina la mchezaji mmoja mstaafu wa Unguja au Pemba juu ya ukurasa wa kwanza, pengine mmoja wa kikosi cha Zanzibar kilichotwaa Kombe la CECAFA mwaka 1995, na chini yake swali moja lililokwisha kuandikwa. Mkabidhi yeye daftari hilo, mpangie wazee watatu wa kwenda kuwauliza, na mkubaliane tarehe.